Malalamiko Dhidi ya Mwalimu wa Mkeka

Kwa Msimamizi,
Kitengo cha Elimu Maalumu kwa Watoto Wadogo,
Ghorofa ya pili, mlango unaokwama.

Ndugu Msimamizi,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe pamoja na wenzako mnaosaidiana kuusukuma mlango huo kila asubuhi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha mbele ya mashine.

Mimi ni mwandishi wa barua. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye meza yangu chini ya ngazi za jengo la posta ya zamani, na mashine yangu ya kuchapa, nikiwaandikia watu yale wanayoshindwa kuyasema wenyewe: maombi ya kazi, posa, rambirambi, samahani za mashemeji waliogombana. Nimewalalamikia wengi kwa niaba ya wengi. Kwa niaba yangu mwenyewe hii ni ya kwanza, na kinyozi hajinyoi, kwa hiyo niwie radhi ukikuta mahali nimejikata.

Malalamiko yangu yanamhusu mtumishi wa kitengo chako ambaye tangu mwaka jana huja kwetu, hapahapa mezani, kila Jumatatu na Jumatano kumfundisha mjukuu wangu. Jina lake unalo kwenye faili. Sisi tunamwita Mwalimu wa Mkeka, kwa sababu huja na mkeka uliokunjwa kwapani, huutandika sakafuni, na kazi yake yote huifanyia hapo chini kana kwamba viti havijavumbuliwa.

Mjukuu wangu ni msichana wa miaka minne na nusu. Tunamwita Kijiko, maana tangu alipojua kushika kitu hajaachana na kijiko chake cha bati. Hulala nacho, huoga nacho. Masikio yake yalipimwa, ni mazima. Ila hasemi. Mama yake, binti yangu, ni mwoka mikate; huondoka kabla hakujapambazuka na kurudi alasiri akiwa na unga hadi kwenye kope. Kwa hiyo tangu uchanga wake Kijiko amekulia chini ya meza yangu, katikati ya miguu yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Akigeuza shingo kushoto, nilijua ni kiu. Akigonga kijiko mara mbili, ni njaa. Akijikunyata, nilijua mteja aliyepo ana sauti kubwa, nikamwomba mteja anong'one. Tulielewana. Hatukuwa na shida yoyote, isipokuwa hiyo mnayoiita shida.

Wiki tatu zilizopita ikaja fomu yenu. Inasema Kijiko akianza shule ya awali, Mwalimu wa Mkeka anaweza kuendelea naye hukohuko darasani, mradi walezi wote wawili waliosajiliwa watie sahihi kabla Ijumaa hii haijaisha. Sahihi zisipotimia, huduma itakoma siku mtoto anapoingia shule. Binti yangu alitia yake akiwa amesimama, hata unga hajanawa. Ya pili ni yangu. Chini ya fomu mmeacha mistari miwili kwa ajili ya "maoni au malalamiko kuhusu mtoa huduma". Mistari miwili haikunitosha. Nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kwamba mtumishi wako hana adabu ya kawaida ya mgeni. Siku ya kwanza alipiga hodi, nikamkaribisha, akanipa shikamoo yangu, hilo sikatai. Lakini papo hapo alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza na kumsalimia Kijiko, kisha akanyamaza akingoja kuitikiwa. Nikaitikia mimi kwa niaba ya mtoto, kama nilivyozoea. Akasema, "Ahsante babu, ila hiyo ilikuwa yangu na yeye." Akangoja tena. Nimekaa na watu wanaongoja hukumu, nimekaa na watu wanaongoja majibu ya posa, lakini sijaona mtu anayejua kungoja kama yule. Mwishowe Kijiko alitoa ncha ya kijiko nje ya kivuli cha meza, akairudisha. Mwalimu akaandika katika daftari lake kwamba ameitikiwa.

2. Kwamba alinikalisha juu ya mikono yangu. Sisemi kwa mafumbo. Kila Kijiko alipogeuza shingo, mkono wangu ulikwenda kwenye kikombe wenyewe, na wiki ya tatu mwalimu akaniambia kwa upole, "Babu, naomba ukalie mikono." Mimi, mtu wa miaka sitini na minane, nikakalia mikono kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara aliingia akanikuta hivyo, na mpaka leo akiniona hunipungia kiwiko. Kikombe kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mtoto. Muda uliopita ningeweza kuchapa ukurasa mzima. Kisha Kijiko akatoka chini ya meza, akakichukua kikombe, akampelekea mwalimu. Si mimi. Mwalimu.

3. Kwamba hapandishi sauti. Nimejaribu kugombana naye mara nne, na mara zote nne nimegombana peke yangu.

4. Kwamba ameingiza nyumbani kwangu kadi za picha, ukubwa wa kiganja, zimefungwa pamoja kwa kamba: kikombe, mkate, choo, viatu kwa maana ya "tutoke", na moja nyekundu yenye mkono ulionyooshwa, kwa maana ya "basi". Hiyo nyekundu alimfundisha mwezi mzima, na mtu wa kwanza kupewa ni mimi. Nilikuwa namwimbia wimbo wa kuoga. Wimbo huo nimeutunga mwenyewe, una beti sita, na nimeuimba kila siku tangu alipozaliwa nikiamini kwamba anapofumba macho anaburudika. Katikati ya ubeti wa pili aliniwekea kadi nyekundu gotini, ikiwa na povu. Naomba kujulishwa rasmi kama ni sera yenu kuwapa watoto walio chini ya miaka mitano uwezo wa kuwasimamisha wazee wao.

5. Maziwa. Hili naliandika kwa taabu. Kila asubuhi kwa miaka mitatu nimempa Kijiko kikombe cha maziwa ya moto. Aliyanywa akitazama ukuta, na mimi nilimweleza kila aliyeuliza kwamba mjukuu wangu anapenda maziwa mno, hata hataki kusemeshwa akiyanywa. Mwezi wa tano wa masomo, mwalimu akamwekea kadi mbili mbele yake, moja ya maziwa na moja ya chai. Kijiko akachukua chai. Kadi tukabaki nazo. Kesho yake, chai. Siku kumi mfululizo, chai. Siku ya kumi na moja nikamwekea maziwa kwa makusudi, naye akaitafuta ile kadi nyekundu na kuiweka juu ya kikombe kama kifuniko. Mvuliwa nguo huchutama, lakini mimi sikuwa na pa kuchutamia, maana ilikuwa siku ya mapumziko ya binti yangu na alikuwa ameegemea mlango akinitazama.

Lalamiko langu hasa ni kwamba mwalimu hakunilaumu. Alipopata habari alisema tu, "Hakuna aliyejua, babu." Mtu anayekulaumu unaweza kumjibu. Anayekusamehe kabla hujaomba, unamjibu nini?

6. Kwamba anaharibu kazi yangu. Kuna mama mmoja, mshona mapazia, ambaye kwa miezi miwili alikuja kuandikisha barua kwa dada yake. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita, na wanakaa mitaa miwili tu mbali. Kila wiki tuliandika, kila wiki aliichana, wiki inayofuata tukaanza upya: huyo ndiye mteja. Siku moja, akiwa amekwama kwenye "Dada yangu mpendwa", Kijiko alitoka akamshikisha kadi ya viatu. Nikaeleza haraka kwamba mtoto anataka kutembezwa tu, asimjali. Mama akaitazama kadi, akatazama viatu vyake, akasema, "Lakini kweli, si pale tu," akaondoka kwa miguu. Hajarudi. Nasikia siku hizi wanashona pamoja. Watu wakianza kwenda wenyewe, Ndugu Msimamizi, sisi tunaowasemea tutakula wapi?

7. Kwamba ameingilia hata uchaguzi wa shule, ambao ni jambo la ndani ya familia. Binti yangu alimwomba atusindikize, naye akakubali upesi mno. Tulitembelea shule tatu.

Ya kwanza ina geti lililochorwa bata na sungura. Mwalimu mkuu alitwambia wanapokea watoto wote bila ubaguzi, kisha akauliza kama hicho kijiko nacho kitakuja. Darasani watoto zaidi ya hamsini walikuwa wakiimba namba. Mwalimu wa Mkeka akauliza mtoto akizidiwa na kelele hupelekwa wapi. Mwalimu mkuu akapaza sauti ili tumsikie: "Hapa kwetu hakuna kelele." Wakati huo Kijiko alikuwa ameshajifunika kwa sketi ya mama yake, limebaki jicho moja.

Ya pili niliipenda mwenyewe. Sakafu inang'aa, kila mtoto ana tai, na fomu zao ni nzuri, nafasi pana, herufi zimenyooka. Walikuwa tayari kumchukua Kijiko kwa sharti moja: mtu wa nje haruhusiwi darasani, kwa hiyo Mwalimu wa Mkeka abaki huko aliko. "Atazoea tu," walisema. "Wote huzoea." Nilisimama kuunga mkono. Nilitamka kwamba hiyo ndiyo shule.  Binti yangu alinishika mkono akanitoa nje kama mtu anayemtoa mlevi msibani. Njiani aliniuliza swali moja tu: "Baba, atazoea nini?"

Ya tatu ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuziba pancha. Hakuna tai. Mwalimu wake ni mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, zamani alikuwa muuguzi wa watoto. Kijiko akaingia chini ya meza, kama kawaida yake. Yule mwalimu hakumtoa. Alisogeza beseni la maji na vikombe mpaka ukingoni mwa meza, akaendelea na watoto wengine. Baada ya nusu saa tukasikia kijiko kinapiga maji. Kwenye kona palikuwa na nafasi ya mkeka, na msumari wa kuutundikia ulikuwa umeshapigiliwa ukutani.

Nilitafuta kasoro kwa uaminifu. Nilikagua choo, nikakikuta kisafi. Nilihesabu madirisha, nikapima kizingiti kwa kiganja. Nikawauliza mafundi wa karakana kama huwa wanasikia watoto wakipigwa. Wakaniambia kinachopigwa hapo ni matairi tu. Nilichoambulia ni kwamba saa ya ukutani imechelewa dakika saba, nikaandika. Niligundua pia kwamba darasani hakuna kiti cha babu. Nilipouliza babu anakaa wapi, mwalimu wa miwani alinijibu kwa heshima zote, "Nyumbani, mzee."

8. Kwamba kabla hatujaondoka walituomba tumwache Kijiko kwa saa moja, yeye na Mwalimu wa Mkeka, ili waone. Nilisimama nje kwenye matairi, mahali ambapo akilia ningesikia. Hakulia. Hili halina maelezo.

Kutokana na hayo yote, sikutia sahihi, na naiomba ofisi yako ikubali mojawapo ya maombi haya, kwa kufuata mpangilio wa upendeleo wangu.

(a) Huduma ikome, kama fomu inavyoruhusu, na Kijiko arudi chini ya meza, ambako imethibitika anaishi vizuri.

(b) Hilo likishindikana, niteuliwe mimi kuwa mfasiri rasmi wa Kijiko darasani, nipewe meza ndogo kando ya beseni. Mashine nitakuja nayo. Tajiriba yangu ya miaka mitatu ya maziwa isihesabiwe.

(c) Kadi nyekundu ipigwe marufuku katika nyumba zenye wazee.

(d) Siku mtoto atakapoanza kusema, Mungu akijalia, maneno yake ya mwaka wa kwanza yapitie kwangu kwa ukaguzi kabla ya kuwafikia watu wengine.

(e) Na yote hayo yakishindikana, atafutwe mtumishi wa kuja kunifundisha mimi kitu cha kufanya kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, maana fomu yenu ina sehemu ya mtoto, ya mzazi, ya mwalimu na ya shule, lakini haina sehemu ya mlezi anayebaki.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie makarani wote wa kitengo, mhudumu wa chai, mlinzi wa mlangoni anayeniandikisha kitabuni kila nikija kana kwamba hanijui, na fundi yeyote atakayewahi kuletwa kuutazama huo mlango. Binti yangu angekusalimu, lakini hajui kwamba naandika. Kijiko hajasema nikusalimie. Zamani ningekwambia amesema.

Ni mimi niliye chini ya ngazi,
Mwandishi wa Barua,
babu yake Kijiko na mlezi wa pili.

Nyongeza.

Barua hii ilikuwa bado kwenye mashine jana, Alhamisi, kabla ya adhuhuri, alipotokea Mwalimu wa Mkeka. Haikuwa siku yake na mkeka hakuwa nao. Alikuja kama mteja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ndipo nikatambua kwamba mwaka mzima sijawahi kumwona juu ya kiti. Nikaichomoa karatasi hii na kuilaza kifudifudi.

Alitaka nimwandikie barua ya kuomba kazi katika duka la madaftari. Alinieleza kwamba ana familia tisa, na nne hazijarudisha fomu. Zikibaki hivyohivyo mpaka Ijumaa jioni, ofisi yako itafunga nafasi yake, na hizo tano zilizotia sahihi zitakosa pamoja na zisizotia. Hakusema kwamba moja ya hizo nne ni yangu. Alijua, lakini hakusema. Kijiko alitoka chini ya meza, akamtazama pale juu, akazunguka nyuma ya kiti kutafuta mkeka, akaukosa, akaketi sakafuni mahali ambapo huwa unatandikwa. Akangoja.

Nikamuuliza mwalimu kama ninavyowauliza wote: sababu ya kuacha kazi ya sasa niandike nini. Akasema, "Andika kwamba sikuiacha, babu."

Nilipiga tarehe. Nilipiga anwani. Kisha nikamwambia utepe wa mashine umekwisha. Haukuwa umekwisha, kama unavyoona kwa weusi wa herufi hizi. Akasema si kitu, ataichukua Jumatatu akija kwa Kijiko.

Alipoondoka nilifunga meza, nikambeba mtoto, nikaenda kuzitafuta hizo familia tatu. Hakunitajia, lakini mtu anayetembea na mkeka kwapani hujulikana anapoingia. Nyumba ya kwanza walidhani fomu ni ya kukataa, wakaificha. Ya pili baba anafanya kazi mbali, mama aliogopa kutia sahihi peke yake. Tulimpigia baba simu tukamsomea, naye amemruhusu dada yake atie kwa niaba yake. Ya tatu ni bibi mmoja mfua nguo ambaye alikuwa na malalamiko kuhusu mwalimu, yanafanana sana na yangu, yeye ni kwa habari ya mayai. Tulikaa naye hadi machweo.

Fomu zote nne zimo humu. Yangu nimetia sahihi kwa kalamu. Mahali pa maoni, maneno ya hao wengine ni yao wenyewe; mimi nimeandika tu, na sikusahihisha. Naomba barua hii uisome kuanzia kwenye nyongeza, na ya juu uyachukulie kama hayakuandikwa. Ningeichana, lakini ndiyo pekee niliyowahi kujiandikia, mkono ukakataa.

Naileta mwenyewe leo asubuhi. Nakusihi jibu lako litoke kabla ya wiki kwisha. Jumatatu mwalimu atakalia tena kile kiti, ataniambia niandike, na utepe upo.